Peasi za Kiasia Kilimanjaro: mjini Moshi au Marangu juu?

Swali: "Shikamoo Bwana Shamba. Nimerudi nyumbani Moshi baada ya kufanya kazi Muscat kwa muda mrefu. Kule nilizoea kula zile peasi za mviringo, ngumu kama tufaha, ukiziuma maji yanachuruzika. Nataka kuzipanda. Nina uwanja nyuma ya nyumba mjini, na familia imenipa sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, Marangu juu, kama mita 1,500 hivi. Muuzaji mmoja wa miche anasema ya kwake inazaa popote Tanzania ndani ya miaka miwili. Nimeotesha pia mbegu za tunda nililonunua dukani, ziko kwenye viriba na zimefika magotini. Je, joto letu litazikubali? Nianzie wapi?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na karibu nyumbani.

Nguvu zako zipeleke Marangu. Kule juu peasi za Kiasia zina nafasi nzuri ya kuzaa, mradi uikubali kazi moja ambayo mkulima wa Japani hufanyiwa na majira ya baridi, nayo ni kuulaza mti na kuuamsha. Wewe utaifanya kwa mikono yako. Mjini, kwenye mita 800 na kitu, mti utaota, utarefuka na kukupa kivuli, lakini matunda yatakuwa ya kubahatisha. Huyo anayekuahidi miche ya kuzaa popote hakwambii ukweli. Hakuna mpeasi wa namna hiyo.

Tunda unalolipenda kwa jina la kitaalamu ni Pyrus pyrifolia, na kwao ni China, Korea na Japani. Huko majani hupukutika mwishoni mwa mwaka, mti hukaa mtupu kwenye baridi kwa miezi kadhaa, halafu joto likirudi maua hufunguka yote kwa pamoja. Wataalamu huipima baridi hiyo kwa kuhesabu saa ambazo joto limeshuka chini ya nyuzi 7 hivi. Orodha za miche za Marekani huziandikia aina kama Shinseiki na Hosui saa 300 hadi 500. Aina ya Kosui, kwa vipimo vya Wajapani wenyewe, inataka karibu saa 800. Sasa jiulize Moshi mjini kunakuwaje mwezi wa Julai usiku, wakati watu wanatoa masweta. Hakuna hata saa moja ya kuhesabu. Ukipanda mlima, joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo kihamba chako ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi nne hivi. Bado huifikii 7 ila kwa nadra sana. Kwa hesabu ya vitabuni, hata Marangu haifai.

Lakini nenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Mji ule uko kwenye mita 1,400 hivi, chini kidogo ya kihamba chako, na saa hizo za baridi nao hawana. Hata hivyo peasi, plamu na pichi zimezaa kule kwa vizazi, na mwanzoni mwa mwaka utakuta ndoo za peasi zinauzwa kando ya barabara ya kutoka Soni. Zile ni peasi za Kizungu na mchanganyiko wake, si za Kiasia, na peasi nyingi za Kizungu huandikiwa baridi kubwa kuliko hizo zako. Kama hizo zinazaa Usambara, basi hesabu ya saa peke yake haitoshi kueleza kinachotokea ndani ya mti, na ni lazima ukijue, kwa sababu matunzo yote yanatoka hapo.

Macho ya mpeasi, yale machipukizi yaliyofumba kwenye matawi, hulala usingizi wa aina mbili. Wa kwanza ni mwepesi. Jicho limeshakamilika, lina maua yake ndani, ila majani yanayolizunguka na ncha ya tawi inayoendelea kukua ndivyo vinavyolizuia lisifunguke. Ukiyaondoa majani na kuiinamisha ncha, jicho linaamka. Wa pili ni usingizi mzito. Huo huja polepole kadiri mti unavyokaa bila kukua, na kizuizi chake kinakuwa kimehamia ndani ya jicho lenyewe. Kukiondoa kunahitaji baridi ndefu, au dawa kali. Shida ya nchi za joto ni mti unaozama kwenye usingizi huu wa pili halafu ukakosa baridi ya kuutoa. Utaujua kwa dalili zake: macho ya nchani yanachanua Agosti, mengine Oktoba, mengi hayafunguki kabisa, tawi linabaki uchi katikati, na yale maua machache yanayotoka hayakutani kwa wakati mmoja ili yachavushane.

Kwa hiyo mkulima wa nchi ya joto halengi kuupatia mti baridi. Analenga kuuamsha kabla haujazama. Wakulima wa Batu karibu na Malang, Java Mashariki, wameishi kwa maarifa hayo. Wako kama nyuzi 8 kusini ya ikweta, na wanalima matufaha aina ya Rome Beauty na Manalagi. Wakishavuna husubiri wiki chache, kisha huyatoa majani yote ya mti kwa mikono, tawi baada ya tawi, mpaka mti unabaki mtupu. Baada ya muda mfupi unachanua upya, na kwa njia hiyo hupata mavuno mawili kwa mwaka bila baridi yoyote. Mtufaha na mpeasi ni ndugu wa ukoo mmoja, na njia hiyo hufanya kazi kwa wote wawili.

Kwa Marangu mimi ningelenga mavuno ya mara moja kwa mwaka, nikayapanga yafuate majira yetu. Tangu tunda la Kiasia litoke kwenye ua mpaka liive ni kama miezi minne hadi mitano. Hutaki liivie kwenye mvua za masika. Basi maua yawe mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, vuli ya Novemba iyakuze matunda, nawe uvune Januari, wakati wa jua. Ukirudi nyuma kutoka hapo utaona kazi zinavyojipanga. Kuanzia Aprili usiweke samadi tena, ili ukuaji wa matawi utulie na macho ya maua yapate kuumbika. Juni funga maji ya mfongo, yaani mfereji, yasifike kwenye shamba la mipeasi. Najua kule juu kuna ukungu na manyunyu miezi hiyo na hutaweza kuukausha mti kabisa, na si lazima. Katikati ya Julai, wakati majani yameanza kukomaa na kupoteza rangi yake ya kijani mbichi, yatoe. Shika kila jani ulivute kuelekea ncha ya tawi, au likate kwa mkasi ukibakiza kikonyo chake. Usilivute kwa kulirudisha nyuma, maana jicho limekaa kwenye kwapa la jani na litang'oka nalo. Siku hizo hizo pogoa matawi yanayosongana, halafu fungua maji kwa wingi.

Majani yote yatoke ndani ya siku chache, siyo leo kidogo na mwezi ujao kidogo. Jani linapobaki upande mmoja, macho ya upande huo yanabaki yamezuiwa, na mti unakuwa na majira mawili juu ya shina moja.

Kuinamisha matawi ni muhimu vilevile, na watu wengi hukupuuza. Mpeasi wa Kiasia hupenda kwenda juu moja kwa moja, na tawi lililosimama wima hufungua macho ya nchani tu. Ukiliinamisha likakaribia kulala, macho yaliyo katikati nayo hupata nafasi. Wajapani huilaza mipeasi yao juu ya chanja la waya lenye urefu wa mita 1.8 hivi, kwanza ili upepo wa tufani usiangushe matunda, lakini faida nyingine ni kwamba tawi lililolala huzaa sana. Wewe huna tufani, ila ukiwa na matawi yaliyoinama utatoa majani, utapunguza matunda na kuyafunika ukiwa umesimama chini. Tumia kamba na vigingi vya mti. Fanya hivyo wakati tawi lingali laini, mwaka wake wa kwanza au wa pili. Likishakomaa litavunjika shinani. Lenga pembe kati ya nyuzi 45 na 60 kutoka wima kwa mti mchanga, halafu uzidi kulishusha litakapoanza kuzaa.

Mti ukiwa mchanga, miaka miwili ya kwanza uache ukue. Mwaka wa tatu jaribu kutoa majani kwenye nusu ya miti uliyonayo, nusu nyingine uiache ifuate mwendo wake. Kihamba chako kina upepo wake, udongo wake na ukungu wake, na ulinganisho huo wa mwaka mmoja utakuonyesha tarehe nzuri ya kwako kuliko ninavyoweza kukutajia kutoka mbali.

Sasa niseme juu ya mjini, kwa kuwa uwanja unao na najua unautazama kila asubuhi. Sikuambii haiwezekani kabisa. Huko Petrolina, kaskazini mashariki ya Brazil, kwenye bonde la mto São Francisco, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Embrapa imefanya majaribio ya peasi na matufaha mahali penye joto la wastani la nyuzi 26, joto kali kuliko la Moshi, na yamezaa. Ila angalia walichonacho. Kule ni nchi kavu, karibu maji yote yanatoka kwenye mabomba ya umwagiliaji, kwa hiyo mkulima akifunga bomba mti unapata ukame siku aliyoitaka yeye. Zaidi ya hapo wananyunyiza dawa ya kuamsha macho, hasa saianamidi ya haidrojeni. Dawa hiyo inafanya kazi, sikatai, lakini ni sumu kali kwa ngozi, macho na mapafu, na mtu aliyeigusa akanywa pombe, hata siku kadhaa zikipita, anaweza kuugua vibaya sana. Umoja wa Ulaya umeiondoa kwenye matumizi. Kwa miti mitatu nyuma ya nyumba yenye watoto na kuku, nakukataza.

Taiwan wana njia nyingine, na hiyo ndiyo ningependa uijaribu mjini kama utapata vikonyo vya kubebesha, yaani vipande vya tawi vya kuunganisha juu ya mti mwingine. Tambarare za kisiwa kile ni za joto, na mpeasi unaozaa vizuri kule ni aina yao ya Hengshan, isiyohitaji baridi nyingi. Tunda lake ni gumu na utamu wake ni wa kawaida. Soko linataka Hosui na wenzake. Kuanzia miaka ya 1970 wakulima wa Dongshi, wilaya ya Taichung, wakaanza kuchukua vikonyo vyenye macho ya maua kutoka mipeasi iliyokwisha kupata baridi, ya milimani kwao au iliyoagizwa Japani, wakavibebesha juu ya matawi ya Hengshan. Kikonyo kina maua ndani yake tayari na kimeshamaliza usingizi. Kikishika kinachanua, kinazaa Hosui juu ya mti wa Hengshan, na miezi michache baadaye tunda liko sokoni. Mwaka unaofuata macho mapya ya kikonyo kile yanakosa baridi kama kawaida, kwa hiyo wanabebesha upya. Kila mwaka, mti kwa mti, maelfu ya vikonyo. Ni kazi ya mikono isiyo na mfano, nami nawaheshimu sana watu wale.

Kwako wewe ina maana hii. Ukishakuwa na miti Marangu inayoumba macho ya maua, kata vikonyo Juni, uvifunge kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, uvitie kwenye mfuko wa nailoni, uweke kwenye friji penye nyuzi 3 hadi 5. Usiweke pamoja na ndizi wala matufaha, kwa sababu hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huyaua macho. Wiki sita ndani ya friji ni saa 1,000 na kidogo, baridi ambayo Moshi haitaipata milele. Agosti vibebeshe kwenye mti wa mjini. Jicho la maua utalitambua kwa kulitazama kwa karibu: ni nene, la mviringo, limejaa tumboni, wakati jicho la majani ni jembamba na limelala karibu na gamba la tawi. Kikonyo cha macho mawili au matatu kinatosha. Kwa majaribio ya nyumbani, hiyo ndiyo njia ya uhakika kuliko zote nilizozitaja kwa mahali pa joto kama mjini.

Miche hiyo ya muuzaji usiinunue kabla hajakujibu mambo matatu: aina yake inaitwaje, imebebeshwa juu ya shina la nini, na mti uliotoa vikonyo uko wapi. Halafu uchutame uutazame mche wenyewe. Mche uliobebeshwa una kovu au kigongo kidogo kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye udongo, na gamba la juu ya kovu mara nyingi ni tofauti na la chini yake. Ukikuta mche umenyooka toka chini hadi juu bila alama yoyote, na hasa ukiwa na miiba, umeoteshwa kwa mbegu. Usilipe bei ya mche uliobebeshwa.

Hapo ndipo nifike kwenye viriba vyako. Mbegu ya peasi haitoi tunda lililoibeba. Mpeasi wa Kiasia karibu siku zote huchavushwa na aina nyingine, kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na wengi wa watoto hao huzaa matunda madogo na yenye chengachenga. Kwa nadra hutokea bahati. Aina maarufu ya Nijisseiki iliokotwa mwaka 1888 na kijana wa miaka 13 huko Matsudo, Japani, ikiwa mche uliojiotea penye takataka. Yeye aliuhamishia shambani kwao, na tunda la kwanza lilionekana mwaka 1898. Miaka kumi, na hiyo ndiyo iliyobahatika kuliko zote. Basi usiitupe miche yako wala usiisubiri izae. Ikinenepa kama penseli itakuwa mashina mazuri ya kubebeshea, tena ni ya ukoo ule ule. Shina linalosifiwa zaidi kwa nchi za joto na udongo mzito ni la mpeasi mwitu uitwao Pyrus calleryana, ukilipata. Peasi za kienyeji za Lushoto nazo hubeba za Kiasia, ila mti huwa mfupi zaidi. Mkwinsi, mti mwingine ambao watu hubebeshea peasi za Kizungu, usiuguse kabisa, hauelewani na peasi hizi.

Vikonyo na miche vipitie mlango halali. Najua una marafiki wengi wanaosafiri, na kipande cha tawi kinaingia kwenye sanduku bila mtu kukiona. Tafadhali usifanye hivyo. Kuna ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye Erwinia amylovora, ambao hukausha maua na machipukizi ya mpeasi yakawa meusi kana kwamba yamepigwa na moto, kisha hushuka kwenye shina na kuua mti mzima. Ulianzia Amerika Kaskazini ukasambaa duniani kwa kusafirishwa ndani ya miche na vikonyo, na peasi nyingi za Kiasia hazina kinga nao. Shinko ni miongoni mwa chache zenye uvumilivu. Mkono mmoja usio mwangalifu unaweza kuimaliza mipeasi ya Usambara yote. Mamlaka inayotoa kibali cha kuingiza mimea ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na makao yake makuu yako Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, safari ya asubuhi kwako. Omba kibali kwanza, ndipo umwagize muuzaji wa nje akutumie pamoja na cheti cha afya ya mimea. Ukiwa huko Arusha pitia pia TARI Tengeru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wanaoshughulika na mazao ya bustani, uulize kama wana aina zozote za peasi wanazozijaribu.

Kwa aina, mimi ningeanza na Shinseiki, kwa kuwa inahitaji baridi kidogo kuliko wenzake, inawahi kuzaa, na pengine hujichavusha yenyewe kwa sehemu. Ya pili iwe Hosui, yenye ngozi ya kahawia na utamu mkubwa. Ukiweza ongeza Kieffer, mchanganyiko wa Kiasia na Kizungu uliopatikana Philadelphia karne ya 19. Tunda lake si laini, linafaa zaidi kupikwa, lakini ni mti mvumilivu wa joto na maua yake yatawafaa wengine. Kosui na Nijisseiki ziache mpaka uone hizi zimekubali. Usipande aina moja peke yake. Peasi hukataa chavua ya ndugu yake wa karibu: Nijisseiki na Kikusui, kwa mfano, hazizalishani kabisa, na Niitaka chavua yake haifai kitu.

Hata ukiwa na aina mbili, usiwategemee nyuki peke yao. Mbochi wa maua ya mpeasi, yaani maji yake matamu, una sukari kidogo, na nyuki wakiona ua la kahawa au la mparachichi jirani wataliacha la kwako. Chavusha kwa mkono, ni kazi ya asubuhi moja kwa miti michache. Chuma maua ya aina ya kwanza yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka. Toa vile vifuko vidogo vyekundu vya chavua, uvitandaze kwenye karatasi ndani ya chumba chenye joto mpaka kesho yake. Vitapasuka na kuacha vumbi la njano. Ligusishe kwenye maua yaliyofunguka ya aina ya pili kwa brashi laini au unyoya wa kuku. Kwenye kishada kimoja kuna maua kama manane; yale yaliyofunguka ya tatu hadi ya tano ndiyo Wajapani huyachagua, kwa sababu hutoa tunda lenye umbo zuri.

Kuhusu kupanda sina mengi, maana udongo wenu wa Kilimanjaro unajitosheleza. Mti na mti mita 4 hadi 5, shimo pana kuliko kina, kovu la kubebesha likae juu ya udongo, maji yasituame. Jambo la kuangalia ni kivuli. Kihamba ni mahali pa migomba na mikahawa chini ya miti mikubwa, na mpeasi hautaki hali hiyo. Mpatie pembe ya shamba inayopigwa na jua angalau saa sita kwa siku, hata kama itabidi uombe ruhusa ya kukata matawi ya mgrevilea wa mpakani. Samadi ya zizini ni nzuri, lakini isizidi: debe moja au mawili kwa mti kila mwaka, uweke baada ya kuvuna. Mti unaolishwa kupita kiasi unatoa fito ndefu za majani na kusahau maua. Majani makavu ya migomba yafanye matandazo, yasiguse shina.

Matunda yakishika, punguza bila huruma. Wiki nne hivi baada ya maua, bakiza tunda moja kwa kila kishada, na kati ya tunda na tunda sentimita 15 hadi 20. Tunda moja hutaka majani kama 25 au 30 ya kulilisha. Ukiyaacha yote utapata peasi ndogo zisizo na utamu, na mwaka unaofuata mti utapumzika. Baada ya hapo lifunike kila moja kwa mfuko wa karatasi, mdomo wake ukaufunga kwenye kikonyo cha tunda. Nzi wa matunda aina ya Bactrocera dorsalis aliyeonekana Kenya mwaka 2003, na kwetu pia, hutoboa ngozi ya tunda linalokaribia kuiva na kutaga ndani. Mfuko unamzuia, unazuia ndege, na unaipa ngozi uzuri. Matunda yenye funza yaliyoanguka yazike kwa kina au uyafungie kwenye mfuko mweusi juani. Usiyaache chini ya mti.

Na kuvuna usifuate desturi ya peasi za Kizungu, zinazochumwa zikiwa ngumu ili zikaivie ndani. Za Kiasia huiva mtini. Shinseiki hugeuka kutoka kijani kuwa njano, Hosui kutoka kahawia yenye kijani kuwa kahawia ya dhahabu. Onja moja kila baada ya siku mbili. Lililo tayari ukiliinua juu kidogo na kulizungusha hukatika lenyewe na kikonyo chake. Punguza kucha kabla ya kuvuna, maana ngozi yake ni nyembamba na kila mkwaruzo huwa mweusi kesho yake. Yapange safu moja tu ndani ya boksi, na vikonyo virefu uvipunguze kwa mkasi visitoboe jirani. Hosui hasa usiichelewe. Ikikaa mtini kupita siku zake, nyama yake ya ndani hulowa maji, na tunda kama hilo halifiki Arusha likiwa zima.